Taa ya Oili Ikiwaka Umeshachelewa: Venye Umeme Hutumika Kusoma Afya ya Oili ya Injini

Cheki hii stori. Ni saa moja jioni, uko Thika Road, jam imeshika kuanzia Allsops. Ghafla kwa dashibodi inawaka taa ndogo nyekundu, ile inakaa kabirika kanadondosha tone. Mat ya nyuma inakupigia honi. Unajiambia, "Wacha nifike tu mtaani, kesho asubuhi nitaona makanika." Ukikaribia keja, injini inapiga kelele kama nyundo kwa bati. Makanika akifungua anakuambia lile neno kila mwenye ndai huogopa: injini imenok.

Shida hapo si eti hukuona taa. Shida ni kuwa wasee wengi hudhani hiyo taa ndiyo inawachungia oili. Wanaamini bora haijawaka, oili iko fiti. Zii. Hiyo taa haijui kama oili yako ni safi, kama imeingia maji, ama kama ni ile feki imepakiwa kwa mtungi wa brandi kubwa. Inajua kitu moja tu, na ikikuambia, mara nyingi mambo yameshaharibika.

Lakini kuna sensa zingine zenye kazi yao ni kusoma oili yenyewe kwa kutumia umeme. Ziko kwa gari kadhaa za mtumba zinazozunguka hapa Nairobi, kwa helikopta, kwa meli na kwa mitambo mikubwa. Hapa tunakuchambulia venye zinafanya kazi, kile zinaweza kushika, kile zinakosa, na venye wewe wa Vitz ama wa nduthi unaweza kujisaidia bila kutoa doo mob.

Taa nyekundu inapima nini haswa?

Inapima presha. Basi. Ndani ya injini kuna pampu inasukuma oili ipite kwa filta, ifike kwa beringi na ipande juu kwa kemshafti. Kwa hiyo njia kumefungwa swichi ndogo iko na kiwambo na springi. Presha ikiwa sawa, kiwambo kinasukumwa, saketi inakatika, taa inazima. Presha ikianguka, springi inarudisha kiwambo, saketi inajifunga, taa inawaka. Ni swichi tu kama ile ya taa ya keja, sema hii inabonyezwa na springi badala ya kidole.

Ifikirie kwa lugha ya presha ya tairi. Gari nyingi zikiwa barabarani, presha ya oili hucheza kati ya PSI 30 na 60. Swichi nyingi huamka wakati presha imeshuka chini ya PSI 10. Hapo katikati kuna nafasi kubwa sana ya oili kuharibika, kuwa nyepesi ama kujaa uchafu, na taa inyamaze tu.

Kwa hivyo shika haya matatu kwanza:

Moja, ikiwaka nyekundu ukiwa kwa mwendo, tafuta pahali salama usimame na uzime injini hapo hapo. Usiseme utafika. Beringi hukaa juu ya utando mwembamba wa oili. Presha ikiisha, chuma inasugua chuma.

Mbili, ukiweka funguo kwa "on" kabla hujawasha injini, hiyo taa inafaa iwake. Isipowaka, balbu imeungua, waya imekatika ama swichi imekufa. Ukinunua gari mtumba, fanya hii testi kwanza, juu kuna wajanja hukata waya ndiyo taa isisumbue mnunuzi.

Tatu, taa ya njano si ya nyekundu. Kwa gari nyingi njano inamaanisha oili imepungua kwa bakuli, nyekundu inamaanisha presha imekufa. Ya kwanza unaweza kuongeza oili uendelee. Ya pili huendi popote.

Nani huharibu oili?

Kabla tuingie kwa sensa, tujue maadui, juu kila mmoja ana tabia yake ikifika ni mambo ya umeme.

Kuna maji, yanayotokana na mvuke wa injini yenye haipati moto vizuri, ama gasketi iliyopasuka. Kuna kulanti, ile rangi rangi ya redieta, ambayo ni maji na glaikoli. Kuna petroli ama diseli yenye haikuungua ikateleza chini kupitia ringi za pistoni. Kuna masizi, hasa kwa injini za diseli. Kuna vipande vidogo vya chuma kutoka kwa beringi, ringi na gia. Halafu kuna joto lenyewe, ambalo linafanya oili ishikane na oksijeni, itengeneze asidi na mwishowe ile tope nyeusi inaziba njia. Na kila siku inapita, zile dawa wenye kiwanda waliweka kwa oili ndiyo ilinde chuma na isafishe injini, zinazidi kuisha.

Rangi pekee haiwezi kukuambia ni nani ameingia. Oili ya diseli hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya sevisi na bado iko sawa. Oili ya petroli inaweza kukaa rangi ya asali na iko na petroli ndani ya kutosha kumaliza beringi. Ndiyo maana wahandisi walienda kutafuta kitu macho hayaoni.

Kwa nini umeme?

Oili safi haipendi kupitisha umeme. Zile transfoma kubwa unaona juu ya milingoti zimejaa oili ndani. Si oili ya injini, lakini ni binamu yake, na kazi yake ni kupoesha na kuzuia umeme usiruke pahali haufai.

Ukichukua ile multimita ya mafundi wa simu uchovye waya zake mbili ndani ya oili ya injini, itakuonyesha kama waya imekatika. Upinzani wa oili uko juu kushinda kile kifaa inaweza kusoma. Kwa hivyo sare hiyo ujanja, haitakusaidia. Sensa za oili hutumia njia za kisiri kidogo.

Njia kubwa ni kipimo cha dielektriki. Usiogope hilo neno. Ni namba inayosema kitu fulani kikiwekwa katikati ya bamba mbili za chuma, hizo bamba zitabeba chaji ya umeme mara ngapi kuliko kama katikati kungekuwa patupu. Cheki hizi namba vizuri, juu ndizo zinabeba stori yote:

Hewa ni karibu 1.
Petroli ni karibu 2.
Oili mpya ya injini ni kati ya 2 na 2.5.
Glaikoli ya kulanti ni karibu 37.
Maji ni karibu 80.

Umeona hiyo gepu? Maji yako mbali na oili kama Nairobi na Mombasa. Yakiingia, namba ya oili inapanda. Masizi pia yanaipandisha, na asidi za oili iliyozeeka vilevile. Lakini angalia petroli. Namba yake na ya oili ni kama pacha. Hiyo iweke akilini, tutairudia.

Njia ya kwanza: kapasita ndani ya bakuli la oili

Sensa ya hii aina ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya ingine, na nafasi ndogo katikati yenye oili inapita. Hiyo ni kapasita kama zile ziko ndani ya redio, tofauti ni kuwa kile kinajaza katikati ni oili yako. Kompyuta inapima inabeba chaji kiasi gani.

Twende na hesabu rahisi. Tuseme sensa ikiwa na hewa peke yake inasoma pikofaradi 100. Ukijaza oili mpya yenye namba ya 2.2, inasoma 220. Sasa maji ya asilimia 1 yakiingia na kuchanganyika kama matone madogo madogo, inasoma karibu 226. Kwa bakuli la lita nne, hiyo asilimia 1 ni kama vijiko vitatu vya mezani tu. Ni maji kidogo kwa macho lakini ni mengi sana kwa injini. Na tofauti kwa sensa ni ndogo hivyo: kutoka 220 hadi 226. Ndiyo maana hii si kazi ya kukisia, inahitaji vifaa makini.

Gari inayojulikana sana kwa hii ni BMW. Kwa injini zake kama N52, yenye ilikuwa kwa 325i na 330i za muundo wa E90, sensa ya hali ya oili imefungwa chini ya bakuli. Iko na kapasita mbili, moja juu ya ingine. Ile ya chini ni ndogo na hukaa imezama kwa oili wakati wote, hivyo inasoma hali yake. Ile ya juu inasoma kiwango, juu oili ikipungua hewa inaingia na namba inashuka. Pia kuna kipimo cha joto ndani. Modeli nyingi za hizo injini hata hazina dipstiki. Kama umenunua moja, hiyo sensa ndiyo macho yako yote. Ikiharibika na uipuuze, unaendesha ukiwa kipofu.

Njia ya pili: upitishaji umeme na masafa tofauti

Tulisema oili haipitishi umeme, lakini ukweli ni kuwa hupitisha kidogo sana. Zile dawa za kiwandani ndizo zinaipa huo uwezo mdogo. Ukiwa na kifaa makini unaweza kuupima.

Hapa ndipo mambo inakuwa tricky. Dawa zikiisha, upitishaji unaweza kushuka. Asidi na masizi zikiongezeka, upitishaji unapanda. Mambo mawili yanavutana, na namba moja inaweza kukaa pale pale wakati oili inakufa pole pole. Ni kama mpesa yako: salio likikaa vile lilikuwa jana, si lazima iwe hujatumia kitu. Labda ulitoa thao ukaingiziwa thao.

Dawa ya hiyo shida ni kutumia umeme wa kubadilika na kuupitisha kwa masafa tofauti. Masafa yakiwa ya chini, chembe zenye chaji zinapata muda wa kutembea ndani ya oili. Masafa yakiwa ya juu, hazipati hiyo nafasi, na kinachobaki ni venye molekuli zinajipinda zikifuata umeme. Maji, masizi na dawa haziitikii sawa kwa kila masafa. Kwa kusoma nyingi kwa pamoja, kompyuta inaanza kutenganisha nani ni nani. Masizi hasa yana tabia yake: ni kaboni, yanapitisha umeme, na chembe zake hupenda kushikana mikono zitengeneze minyororo ambayo umeme unapitia.

Njia ya tatu: koili na sumaku za kunasa vyuma

Chuma kikianza kutoka kwa beringi, unataka kujua mapema sana. Kuna njia mbili hapa.

Ya kwanza ni ya kitambo na ni simpo hadi inafurahisha. Weka sumaku kwa njia ya oili, na iwe na ncha mbili za umeme zenye gepu ndogo katikati. Vipande vya chuma vikipita vinanaswa. Vikikuwa vingi ama kimoja kikiwa kikubwa, vinaziba ile gepu, saketi inafungika, taa inawaka. Marubani wa helikopta wanaijua hii taa vizuri. Ubaya wake ni kuwa inanasa tu kile sumaku inapenda, yaani chuma na feleji. Shaba ya beringi na aluminiamu ya pistoni zinapita zikiipungia mkono.

Ya pili ni koili. Oili inapitishwa kwa bomba lililozungushiwa koili tatu. Mbili za pembeni zinatoa uga wa sumaku unaopingana, ile ya katikati inasikiliza. Bila kitu, pande mbili zinafutana na katikati kunanyamaza. Kipande cha chuma kikipita, kinaongeza uga na koili ya katikati inapata ishara. Kipande cha shaba ama aluminiamu kikipita, umeme mdogo unazunguka ndani yake na kuupinga uga, hivyo ishara inakuja ikiwa kinyume. Kwa hivyo sensa haihesabu tu vipande. Inakuambia pia kama ni chuma cha sumaku ama la, na ukubwa wake. Kampuni ya GasTOPS ya Canada ndiyo inauza moja maarufu inaitwa MetalSCAN, inayotumika kwa injini za ndege na kwa mitambo ya upepo.

Njia ya nne: kunusa unyevu

Maji kwa oili hayaanzi yakionekana. Mwanzo yanayeyuka ndani kabisa, oili inakaa kawaida. Yakizidi uwezo wa oili kuyabeba, yanatoka kama matone na hapo ndipo unaona ile rangi ya chai ya maziwa.

Sensa za unyevu hutumia utando mwembamba wa plastiki unaonyonya maji kulingana na venye oili imeshiba. Utando ukinyonya, kapasita yake inabadilika. Zile za Vaisala ya Ufini husoma kutoka 0 hadi 1: sufuri ni kavu kabisa, moja ni oili imeshiba na maji huru yanaanza kutoka. Uzuri ni kuwa unajua unakaribia hatari kabla hujafika. Utazipata kwa transfoma, tabini na injini kubwa za meli, mahali maji kwa oili yanaweza kukula beringi za bei ya nyumba.

Petroli ndiyo mjanja wa mtaa

Turudi kwa zile namba. Oili 2.2, petroli 2. Petroli ikiingia kwa oili asilimia 5, sensa ya kapasita inaona karibu hakuna kitu kimefanyika. Lakini oili imekuwa nyepesi, utando juu ya beringi umekuwa mwembamba, na presha ikiwa moto inaanza kushuka.

Nani yuko kwa hatari? Msee wa safari fupi fupi. Unatoka South B unaenda Town, unaketi kwa jam, injini haipati joto kamili, unazima. Jioni unarudia. Injini ikiwa baridi hupata petroli mingi kuliko inachoma, ingine inateleza chini. Injini mpya za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina hii shida zaidi. Kwa diseli zenye filta ya moshi, gari ikijaribu kuchoma masizi kwa hiyo filta hupuliza diseli ya ziada, na kidogo huishia kwa oili.

Kumshika petroli kunahitaji kipimo cha mnato. Kuna sensa za kidude kama uma wa meno mawili kinachotetemeshwa na umeme ndani ya oili. Oili nzito inakibana, oili nyepesi inakiachilia. Ukiunganisha hiyo na kapasita na kipimo cha joto, sasa una picha kamili. Hakuna sensa moja inajua yote.

Wewe nyumbani una ishara moja ya bure: kiwango cha oili kwa dipstiki kikipanda bila wewe kuongeza, oili haijazaa. Kuna kitu kimeingia.

Joto hudanganya kila sensa

Oili ikipata moto, namba yake ya dielektriki inashuka kidogo, lakini upitishaji umeme unapanda mara nyingi. Sensa ikisoma asubuhi baridi Limuru na mchana jua kali Athi River, inaweza kusema ni oili mbili tofauti. Ndiyo maana sensa ya maana lazima iwe na kipimo cha joto ndani yake, na kompyuta inasahihisha hesabu.

Pia kila brandi ya oili ina namba yake ya kuanzia. Ukibadilisha kutoka brandi moja hadi ingine bila kuambia mfumo kuwa oili ni mpya, sensa inaweza kulia bure ama kunyamaza mahali ilifaa ilie. Na tope ikiganda kwa sensa yenyewe, inasoma tope badala ya oili.

Hii ni muhimu kwa wale wananunua vile vifaa vya mkononi vya kuweka matone ya oili na kusoma namba. Vinafanya kazi, lakini lazima kwanza uweke oili mpya ya brandi hiyo hiyo iwe sufuri yako, kisha ulinganishe. Na hata hapo vinakuambia oili imebadilika, si nini kimeibadilisha.

Ndai yako iko na hii kitu?

Kwa wengi, jibu ni zii. Zile Toyota ndogo zimejaa kwa barabara zetu kwa kawaida ziko na swichi ya presha na dipstiki. Nduthi nyingi hata hiyo taa ya presha hazina, na injini yake inabeba karibu lita moja tu ya oili, hivyo uchafu kidogo unaumiza haraka.

Gari zingine huonyesha asilimia ya maisha ya oili kwa skrini. Usidhani zimegusa oili. Mfumo wa General Motors na ule wa Honda unaitwa Maintenance Minder ni hesabu. Kompyuta inafuata mizunguko ya injini, joto na venye unaendesha, kisha inakisia oili imechoka kiasi gani. Kwa jam zetu hiyo ni bora kuliko kuhesabu kilomita pekee, juu injini ikiwa imesimama Mombasa Road inazunguka na kilomita hazisongi. Lakini hesabu haioni. Ukimimina oili feki ndani na ubonyeze kitufe cha kuanza upya, skrini itakuandikia asilimia 100 na tabasamu.

Sensa ikisema, nani anasikiliza?

Kwa ndai, ukikosea unapoteza ganji. Kwa helikopta, unapoteza watu. Hizi stori mbili ni za oili ya giaboksi, si ya injini, lakini kazi ya kunasa vipande vya chuma ni ile ile.

Tarehe 1 Aprili 2009, helikopta aina ya Super Puma ilikuwa inarudisha wafanyakazi kutoka kwa mtambo wa mafuta baharini kuelekea Aberdeen, Scotland. Giaboksi ya rota kuu ilivunjika na watu wote 16 wakafa. Wiki moja mbele, tarehe 25 Machi, kipande cha chuma kilikuwa kimepatikana kwa sumaku ya kunasa. Mafundi walikishughulikia na wakawasiliana na mtengenezaji, lakini pande mbili hazikuelewana vizuri, na kile kipande hakikutambuliwa kuwa gia imeanza kumeguka. Sensa ilisema. Ujumbe ukapotelea kwa watu.

Tarehe 29 Aprili 2016, Super Puma ingine ya muundo wa EC225 ilianguka Turøy, Norway, ikaua watu 13. Wachunguzi walipata ufa wa uchovu wa chuma kwa gia ya kazi ile ile. Safari hii mfumo wa kunasa vipande haukuonya kitu. Ufa ulikua ndani ya chuma bila kumwaga vipande vya kutosha kunaswa. Hapo kunyamaza kwa sensa hakukumaanisha usalama.

Weka hizo mbili pamoja na utaona kwa nini hatutaki utegemee taa moja. Ishara ndogo ichukue serious, na ukimya usiufanye cheti.

Fanya hivi kuanzia wiki hii

Mara moja kwa wiki, gari ikiwa imesimama kwa tambarare na injini imepoa, toa dipstiki. Ipanguse, irudishe, itoe tena. Angalia kiwango, kisha inuse. Ikinuka petroli, ujue.

Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Ukipata kitu kama mayonizi ya rangi ya maziwa, kuna maji. Kama ni kidogo na wewe ni mtu wa safari fupi, inaweza kuwa mvuke tu. Endesha mbali injini ipate joto kisha uangalie tena. Kama pia kulanti inapungua kwa redieta, wacha kuendesha na uende kwa makanika, inaweza kuwa gasketi.

Dondosha tone moja la oili kwa karatasi nyeupe na uiache usiku. Doa jeusi zito limekaa katikati na halijasambaa linaonyesha oili imechoka kubeba masizi.

Ukifanya sevisi, mwambie makanika amwage oili ya zamani kwa chombo safi na uipitishie sumaku. Vumbi laini kidogo ni kawaida. Vipande vya kung'aa unavyoweza kuhesabu si kawaida. Na kumbuka sumaku haioni shaba, kwa hivyo angalia pia rangi ya dhahabu dhahabu kwa mwangaza wa simu.

Nunua oili kwa duka lenye linakupa risiti, angalia sili ya mtungi, na andika tarehe na kilomita za sevisi.

Na ile siku kabirika kekundu kanawaka ukiwa Thika Road, wacha mat ipige honi. Washa hazadi, toka kando, zima injini. Kuvutwa na brekidauni ni gharama ya siku moja, injini ni ya mwaka mzima.